Kisigino changu na sakafu ya Jenifa

Mpendwa Mama Ritha wa ukurasa wa ushauri,

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu fundi anakuja Jumamosi na nyundo. Mimi ni mjane, mtu mzima, nilikuwa nalima Mlali ila mwaka jana mwanangu Elieza alinichukua nikaishi naye hapa Miyuji kwenye nyumba yake mpya ya saruji, na tangu nihamie kisigino kinaniuma hadi katikati ya unyayo, nikishuka kitandani asubuhi ni kama nimekanyaga mwiba, nikitembea kidogo kinaniachia, nikikaa nikainuka kinaanza tena, na jeraha hakuna. Nikienda Mlali kuvuna navaa katambuga zangu za tairi nashinda shambani na siumwi, nikirejea Miyuji yanaanza upya, sasa huo ni ugonjwa gani unaojua mipaka ya wilaya? Mimi nimeshaelewa kwamba mkamwana wangu Jenifa alifukia dawa kabla saruji haijamwagwa ili nisikae kwake, maana sakafu hiyo anaipenda kuliko watu, anaisugua kwa rangi nyekundu mpaka inang'aa na viatu vyote lazima vibaki nje. Nilimweleza hayo mbele ya wazee wa kanisa, akalia, na sasa amefungasha nguo arudi kwao. Elieza amekonda. Naomba unishauri, fundi aanze kuchimba chumbani kwangu au mlangoni?

Mama Elieza, Miyuji

Shikamoo, Mama Elieza. Pole kwa maumivu, na fundi asianze popote.

Umeueleza ugonjwa wako vizuri sana, kisha ukambambikia kesi mtu asiyehusika. Mlali unavaa katambuga. Miyuji unashinda pekupeku juu ya saruji, na kwa umri wetu nyama ya kisigino imeshapungua. Kuna utando mgumu chini ya unyayo, unatoka kisiginoni kwenda vidoleni. Wa kwako umeumia, na usiku utando huo unakakamaa, ndiyo maana hatua za kwanza asubuhi zinakutoa machozi.

Nenda hospitali wakuangalie, wakupime na sukari, hasa ukisikia ganzi. Siku hizi maduka ya dawa yako kila kona. Usikubali muuzaji akudunge sindano. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha khanga chini ya vidole uivute taratibu kuelekea kwako. Jioni viringisha chupa ya soda yenye maji baridi chini ya unyayo. Nunua ndala nene za kuvaa ndani tu, sakafu haitachafuka. Itachukua miezi, usiache wiki ya kwanza.

Sasa Jenifa. Ulimshtaki mbele ya wazee wa kanisa, basi waite wazee walewale kabla hajapanda basi, umwombe radhi ukiwa umesimama. Najua kusimama kunauma. Simama hivyohivyo.