Mshipa Niliomwaga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kazini huitwa: Sista Chapchap. Umri: miaka 43. Kazi: muuguzi, chumba cha upasuaji. Makazi: nyumba za watumishi wa hospitali.

Mnamo Jumanne tarehe 9, saa 3:20 asubuhi, tulimpokea fundi cherehani, mama wa watu, kioo cha duka kimemwangukia nyuma ya goti la kushoto. Mshipa unaopeleka damu mguuni ulikuwa umekatika. Akaniambia, "Sista, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wangu, jamani!" Nikamjibu, "Usijali mama, tupo."

Daktari bingwa alisema ungekuwa mshipa mkubwa wa tumboni angeweka bomba la kiwandani. Huu wa chini ya goti ni mwembamba, bomba huziba; wa kuunganishia ni mshipa wake mwenyewe. Saa 4:05 akautoa kwenye mguu wa kulia, urefu wa shubiri, akafunga uzi ncha moja ili aushone kinyume, maana una vilango ndani vinavyopitisha damu upande mmoja tu. Akauweka kwenye bakuli la maji ya chumvi, akaufunika kwa shashi.

Mimi sipendi meza chafu. Hata nyumbani watoto hawajamaliza chai, kikombe kishaoshwa. Saa 4:30 niliona bakuli lina shashi yenye damu. Nikalimwaga kwenye sinki, nikafungulia maji. Haki ya Mungu, sikuuliza mtu.

Saa 4:40 daktari akanyoosha mkono: "Mshipa." Akasema tena. Nikaangalia sinki. Nikasema, "Mungu wangu, nimeumwaga." Hakunitukana. Bora angenitukana.

Uliobaki mguu wa kulia haukufaa, wa mguu ulioumia ulikuwa umechanwa na kioo, ya mikononi ilikuwa myembamba kama nyuzi. Akaweka bomba. Alhamisi likaziba. Ijumaa saa 2:00 asubuhi mguu ulikatwa juu ya goti. Vifaa nilivihesabu mimi.

Kaka wa mgonjwa amemshtaki daktari. Nimesikia daktari ameandika kwamba bakuli alilimwaga yeye mwenyewe. Afande, si kweli. Jana yule mama alinishukuru kwa kumhudumia. Hajui. Mpaka sasa siamini kama ni mikono hii.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyafanya.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Saa 6:10 mchana nilisimamisha kuandika, nikamwonya kwamba maneno haya yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Alijibu, "Andika tu, afande. Ila yule mama asomewe haya kwanza."