Shule ya Kusubiri

4 Februari

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" tu. Nataka kujua kama unapanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima, ila kazi imenikondesha, na kwa kuwa kazi yenyewe ni utafiti wa unene wa watoto, wenzangu wanasema angalau imemfaa mmoja.

Ile fomu ya kukubali uliyoijaza mwaka jana imejibiwa: shule yako imo kwenye utafiti. Nilimwambia Profesa mapema kwamba mwalimu mkuu wa pale ni baba yangu mzazi. Akasema basi nisikanyage huko, watakuja wenzangu. Kisha majina ya shule ishirini yakatiwa kwenye kopo, yeye akachomoa.

Kumi zinaanza sasa. Walimu wake wanafundishwa namna ya kuwachezesha watoto kila siku, hata katikati ya somo. Kumi nyingine zinasubiri hadi mwakani, na yako imeangukia humo. Watoto watapimwa uzito na urefu sasa na tena Novemba, nyuma ya pazia, bila namba kutajwa kwa sauti. Pia watavaa mkanda wenye kidude cha kuhesabu mwendo kwa siku saba. Kazi yenu ni moja tu, baba: muendelee kama kawaida. Tukilinganisha makundi mawili ndipo tutajua kama michezo inazuia unene au tunajidanganya. Wizara inangoja jibu hilo iamue kama mpango uingie shule zote.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu, marahaba.

Goti ni la mtu wa miaka hamsini na tisa, linalia kama mlango wa stoo. Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, mazoea hayana dawa. Nimekupa tisini. Umesahau nukta mbili.

Sasa mama, miaka thelathini na minne ya ualimu, leo mimi ni mkuu wa shule ya kusubiri? Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Wenzako wamekuja, vijana wenye adabu. Mpishi wetu aliomba apimwe na yeye, na alipoiona namba akatangaza kwamba mizani ni mbovu. Watoto waliifurahia mikanda, isipokuwa msichana mmoja wa darasa la mwisho ambaye wenzake wanamwita Pipa. Huyo alijifungia chooni mpaka mwalimu wake alipokwenda kumbembeleza. Mapumziko yote hukaa kwenye ngazi za ofisi yangu, kitabu mapajani, akijifanya anasoma. Jina hilo nimelipiga marufuku mara mia. Nikigeuka tu, wanamwita.

Kama kawaida, umesema. Nimesikia.

Baba yako

19 Juni

Baba, shikamoo.

Hujambo huko? Mimi ni mzima, na leo nina furaha hata ya kugawa.

Katika shule moja kati ya zile zilizoanza, mwalimu wa hesabu amechora visanduku vya namba uwanjani kwa chaki. Mmoja anauliza, "Saba mara nane?" na wenzake wanajibu kwa miguu, wanaruka kwenye tano kisha kwenye sita. Hakuna mbio wala mshindi. Anayeruka polepole anapata jibu lile lile. Wale watoto wazito, ambao kwenye mpira huchaguliwa mwisho au hawachaguliwi kabisa, baba, ndio wanaoongoza, kwa sababu hesabu wanazijua! Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikatamani ungekuwepo uone.

Andika basi. Kimya chako kinanitia wasiwasi.

Mwanao

2 Desemba

Baba, shikamoo.

Natumai u mzima. Barua yangu ya Juni hukuijibu, ya Septemba pia hukuijibu, nikajiambia ni pilikapilika za mitihani. Leo najua sivyo.

Wenzangu wamerudi na mikanda. Watoto wako wametembea na kuruka zaidi kuliko watoto wa shule saba kati ya zile kumi tulizozifundisha. Kijana aliyewapima anasema uwanja wenu umejaa visanduku vya namba vilivyopakwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta, baba! Na shule mbili za jirani, nazo za kusubiri, zimechora vyao. Walimu wakuu wake wanasema walijifunza kwako.

Unaelewa umefanya nini? Kanuni haituruhusu kuzitoa shule hizo kwenye hesabu. Kila shule inabaki kwenye kundi ililoangukia. Na zikibaki, tofauti kati ya walioanza na waliosubiri karibu haionekani. Wizara itasoma kwamba michezo haikusaidia kitu. Miaka miwili ya kazi yangu si hoja sana. Watoto wa nchi nzima ndio hoja.

Mwandikie Profesa, kwa mkono wako, umweleze. Najua hujawahi kuomba radhi kwa maandishi, hata kwa marehemu mama. Usipoandika nitamwambia mimi, na sitaki niwe mimi wa kumshtaki baba yangu. Nimekukasirikia, na nimelia.

Mwanao

20 Desemba

Mwanangu, marahaba.

Ni mzima wa mwili. Nimeandika karatasi nne, nikachana tatu.

Barua yako ya Juni niliisoma ofisini, dirisha wazi, na yule msichana yuko pale pale kwenye ngazi. Kesho yake nikachukua chaki nikachora visanduku kumi. Nikajiambia hili ni somo la hesabu, si utafiti. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya nne akaruka. Kufika Agosti yeye ndiye aliyekuwa akiuliza maswali na darasa zima likiruka, na jina la Pipa likafa lenyewe bila mimi kulipiga marufuku. Wenzangu wawili wakaja kuona, nikawapa na wao. Nilijiona bingwa. Ila kukuandikia sikuweza, maana ningeandika nini? Wewe siwezi kukudanganya.

Ulisema mwakani. Mtoto wa darasa la mwisho hana mwakani hapa, Januari anaondoka. Kwa huyo sijuti, na hata Profesa nimemwambia hivyo. Lakini nilimwona mmoja aliye mlangoni kwangu, nikawasahau maelfu nisiowajua. Hapo nimekosa, mama. Nisamehe.

Barua ya Profesa nimeituma jana. Nimeandika kwamba hukunituma.

Baba yako

15 Januari

Baba, shikamoo.

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa karatasi. Na mimi nina langu: mchezo wote nilikuandikia mwenyewe, hatua kwa hatua, nikijua naandikia shule ya kusubiri. Nimemwambia Profesa. Alinikaripia nikanywea kabisa.

Ripoti imesema yote kama yalivyokuwa. Wizara haikuukubali mpango, wala haikuutupa. Inataka utafiti uanze upya, mwaka mzima, shule ishirini nyingine. Zile zilizosubiri mara ya kwanza zitapata mafunzo mwaka huu kama tulivyoahidi.

Profesa ana ombi. Anataka uje uzungumze na walimu wakuu kumi wapya watakaosubiri. Nilidhani anatania. Hatanii. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu, marahaba.

Nimekwenda na nimerudi salama. Goti lilivumilia.

Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano, viti vya plastiki, feni moja. Nikawaeleza kila kitu, mpaka ile rangi ya mafuta. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Nikawaambia wakisoma habari za michezo mahali popote, waifungie karatasi kabatini. Kila mmoja akapewa fomu ya kusaini.

Ndipo mama mmoja wa makamo, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kiwanda, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi darasa la mwisho nina watoto thelathini na mmoja. Wapo wasiotoka darasani wakati wa mapumziko kwa kuona haya. Na hao je?"

Chumba kizima kikanigeukia. Jibu langu la Desemba, kwamba mtoto wa darasa la mwisho hana mwakani, lilikuwa tayari mdomoni, na bado naliona ni jibu la haki. Nililimeza. Nikamwambia, "Hao watakuwa wameshaondoka, mwalimu wangu. Nakuomba usubiri hivyo hivyo."

Akavuta fomu akasaini. Tulipokuwa tunatoka hakunipa mkono, wala sikumlaumu.

Baba yako