Nilivyomlipa Daktari Aaron

Kariakoo, Dar es Salaam
Agosti 1999

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya Kibosho imeyaachia magoti yako. Duka la vitenge linakwenda, ingawa siku hizi kila anayeshuka kutoka Dubai anafungua lake hapa mtaani.

Umeniagiza nimshukuru tena Daktari Aaron, mtu wa kwetu, kwa kuniponya, na umesema unamwandalia mbuzi. Mama, huyo mbuzi mle wenyewe.

Unakumbuka huu ugonjwa wangu wa lupus ulivyonitenda, uso mwekundu, vidole havishiki mkasi. Aaron alituita wagonjwa wachache kwenye zahanati yake ya Mchafukoge. Alisema kampuni ya Ulaya imetengeneza kingamwili, dawa ya dripu ya kuizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, na wanataka kwanza kujua kama haidhuru. Tulikubali kwa hiari. Hapo simlaumu.

Kitanda cha pili alilala Charmi, binti wa mzee Chandu wa duka la vyombo. Dripu ikishuka, tulikuwa tunapiga soga. Nilimfundisha matusi ya Kichaga, akaenda kumtukana baba yake huku anacheka.

Mimi dawa ilinikubali, nikarudi kukata vitambaa. Charmi akavimba mguu mmoja. Nilikuwepo alipomwonyesha Daktari, akaambiwa, "Unakaa sana dukani, mwanangu. Tembeatembea." Nesi Euphrasia aliomba apimwe kama damu imeganda. Aaron akamfokea kwamba wageni wa kampuni wako njiani, hataki kelele.

Charmi alianguka kwenye ngazi za kwao, pumzi zimekata, akafa palepale. Aaron alikuja msibani, akamwambia mzee Chandu kwamba ni lupus imemchukua, wala mguu hakuutaja. Na chai yao akanywa.

Sikulia, Mama. Nilimngoja.

Wageni walipofika, alinichagua mimi niongee nao, maana nilikuwa nimenawiri. Nikawaeleza habari za Charmi, mguu wake, na alichoambiwa. Walishtuka, kumbe walikuwa wamedanganywa kwamba amehama mji. Aaron akaninong'oneza kwa Kichaga, "Dada yangu, nihurumie." Nikamjibu kwa sauti, "Kaombe huruma kwa mzee Chandu." Jasho lilivyomtoka! Nilimtazama mpaka nikashiba.

Majaribio yamesimamishwa, zahanati imefungwa, na mzee Chandu amemshtaki.

Sasa lile lililonichelewesha kukuandikia. Euphrasia alikuwa amenionya kwamba nikisema, dawa itasimama kwetu sote. Nilijua, nikasema. Zamda, mama wa watoto wadogo anayeuza mitumba Mchikichini, mgonjwa mwenzetu ambaye lupus ilimshika figo, naye alikuwa amepata nafuu. Juzi alikuja dukani akaniambia, "Kisasi chako umekinunua kwa figo zangu." Na mimi uso umerudi kama zamani. Mwandiko huu ni wa mdogo wangu Fortunata. Vidole vyangu vimegoma, mimi nasema tu.

Najua utaniambia nisamehe. Zamda mwombee, Mama, kila siku. Aaron usimwombee. Wageni wale wangerudi kesho ningesema tena yaleyale, tena polepole zaidi, ajue anavyokwisha.

Msalimie Baba na kaka Elisaria, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze.

Ni mimi binti yako,
Clotilda