Ufa Uliokandikwa Juu ya Machimbo

Nyamahanga,
Biharamulo, Kagera.
9 Aprili 2023

Mpendwa wifi yangu Kwandu,

Mwangaluka! Usicheke, Kisukuma changu bado kinaishia hapo hapo. Shikamoo. Habari za huko Kishapu? Na mguu wako je, umeacha kuuma? Sisi hatujambo. Deodata ameota meno na sasa ananing'ata huku ananichekea, kama anayejua sitampiga. Maharage yametoka vizuri, Mungu akipenda tutavuna.

Wifi, afya tunayo ila moyo wangu hautulii. Ni huyu mdogo wako Bulugu. Tangu barabara ianze kujengwa, yeye na wenzake wanachimba changarawe kule kilimani, tipa zinakuja kubeba. Kazi siikatai, ndiyo inayotuvika. Ninachokataa ni namna wanavyochimba. Hawaanzii juu. Wanafukua chini ya ukuta mpaka juu inabaki kama paa lisilo na nguzo, halafu wanangoja iporomoke yenyewe wapate kuzoa. Eti ndiyo akili, mlima unakufanyia kazi. Na wanangojea papo hapo chini!

Mvua zilipokolea nilipanda juu kutafuta kuni, mguu ukazama kwenye ufa. Umefuata ukingo wote wa machimbo. Nikamkimbilia Bulugu. Unajua alinijibu nini? "Hata nyumba yako ina ufa, mama Deo, mbona unalala humo?" Wenzake wakacheka.

Baadaye ikasikika kwamba mtaalamu wa madini anakuja kukagua. Juvenali, mkubwa wa kikundi chao, akaogopa watafungiwa. Siku niliyompeleka mtoto kliniki, akawaita wanawake wakaukandika ule ufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakausugua kwa jiwe ukawa laini kama nyumba ya bibi harusi, wakatandaza nyasi juu. Mtaalamu akafika, akawaambia waukate ukuta kwa ngazi kuanzia juu, wasifukue tena chini. Akauliza kama kuna ufa. Wakasema hakuna. Ikawa ndiyo bwana, ndiyo bwana, na gari lake halijafika hata barabarani, sululu zimerudi kule kule chini.

Juzi nilipanda tena, nikafunua zile nyasi. Udongo waliokandika umepasuka katikati, mstari mmoja tu, kidole changu kikaingia. Jana kikaingia kiganja. Wifi, ule si udongo uliokauka, ni mlima unaondoka! Nikamwita Juvenali aje aone. Akatazama, akaguna: "Ninyi wanawake mlikandika vibaya. Ongezeni kinyesi, utashika." Nilitamani kulia. Nikamwambia, "Baba, nyumba ndiyo inakandikwa. Mlima unakandikwa na nani?" Akaniambia niende nikanyonyeshe mtoto.

Mwenyekiti wa kitongoji naye anachimba hapo hapo, sasa nimlalamikie nani? Nikimbembeleza Bulugu, ananitania kwamba sisi Wahangaza tumezoea kuchimbia migomba tu, shimo likizidi goti tunamwita padri. Siku nyingine ningecheka.

Wifi, wewe ndiye uliyembeba mgongoni mama yenu alipofariki. Mimi nikisema ni kelele za mke, wewe ukisema anavua kofia. Mpigie, na kama mguu unaruhusu, panda basi uje. Sisemi aache kazi. Mwambie tu asikanyage chini ya ule ukuta mpaka wameukata kutoka juu, kama walivyoelekezwa. Wakubali wale wengine au wasikubali, yeye aanze. Naamini akianza mmoja wengine watafuata, si watu wabaya.

Simu anatembea nayo yeye, ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu Pancras anayekuja huko kusalimia wazazi wake. Tafadhali ukishaisoma usikawie, mvua bado zinanyesha.

Nilitaka kukuomba usimwambie kwamba ni mimi niliyekuandikia. Nimebadili mawazo. Mwambie ni Yuster. Akasirike, anune, hata ugali wangu asile, ila awe hai.

Msalimie shemeji Maduhu na watoto wote, na binti yako Nshoma mwambie ile khanga aliyoniletea ndiyo ninayombebea Deodata. Mungu awafunike kwa mkono wake, na huku atushikie ule mlima mpaka sauti yako imfikie mdogo wako.

Wifi yako akupendaye,
Yuster