Korongo Amewahi, Magongo Bado

Tarehe 19 Machi. Asubuhi ukungu mtoni, nyuzijoto sita, jua limetoka saa tatu.

Mpendwa Shangazi Tsvetana wa ukurasa wa ushauri, nakuandikia kwa sababu nimemdanganya binti yangu wa miaka minane kuhusu ndege, na sasa watu ishirini na sita wameweka sahihi zao kwamba nimedanganya.

Nianze mwanzo, maana mimi ni mtu wa kuandika mambo kwa tarehe. Ralitsa yuko darasa la pili. Septemba alianza kuchechemea, tukadhani ni viatu vipya, nikabadilisha viatu, akaendelea kuchechemea, na tarehe 9 Oktoba Daktari Penchev wa mifupa akatuonyesha kwenye picha ya eksirei kwamba kichwa cha mfupa wa paja la kushoto, pale kinapoingia kwenye nyonga, kimekosa damu na kulainika. Akafanyiwa upasuaji, akakaa kwenye plasta ngumu kuanzia kiunoni kwa wiki sita, na tangu Desemba anatembea kwa magongo mawili, mguu wa kushoto ukining'inia, haruhusiwi hata kidogo kuukanyagia mpaka mfupa uwe mgumu. Shuleni anakaa karibu na mlango, mwenzake Boyan humbebea begi, na mimi kila mapumziko ya asubuhi hutoroka posta ninakofanya kazi kwenda kuhakikisha hajasukumwa.

Ujue pia kwamba mpaka mwezi huu sikuwahi kumdanganya. Siku ya upasuaji aliniuliza kama itauma, nikamwambia itauma siku tatu na ya nne itapungua, ikawa hivyo hivyo, na tangu siku ile nikimwambia kwenye mazoezi kwamba zimebaki mara tano, hunyoosha mguu mara tano, machozi yanamtoka lakini habishani.

Sasa kosa langu. Tarehe mosi Machi nilikuwa namfunga mkononi martenitsa, ule uzi wetu mwekundu na mweupe usiovuliwa mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka, naye akaniuliza kwa mara ya mia ni lini ataacha magongo. Jibu la kweli lilikuwa sijui. Nikasema, "Siku utakayomwona korongo na kuvua uzi huu, ndiyo siku utakayoweka magongo chini."

Usidhani nilisema ovyo. Shajara zangu za miaka sita zinaonyesha korongo wa kwanza hajawahi kufika kwetu kabla ya tarehe 27, mwaka mmoja alifika tarehe 4 Aprili, na picha ya mguu imepangwa tarehe 30 Machi. Nilipiga hesabu, nikaona inakaa vizuri kabisa.

Korongo alifika Jumatatu, tarehe 16. Alitua kwenye kiota cha zamani juu ya bomba la moshi la jiko la shule, wakati wa mapumziko, mbele ya darasa zima, nami nimesimama pale na kipande cha banitsa, mkate wetu wa jibini, nilichompelekea mtoto. Ralitsa aliinua mkono wenye uzi, uso wote kicheko, akasema, "Mama, korongo." Na mimi, nikimtazama ndege yule, miguu myekundu, mdomo mwekundu, mbawa nyeusi kwenye ncha, nikasema, "Hapana mwanangu, huyo ni yangeyange."

Boyan alinitazama kwa huruma. "Mama Ralitsa," akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa, "yangeyange hakai juu ya bomba la moshi."

Ningekiri pale pale yangekwisha. Badala yake nilimvuta kando Mwalimu Gergana, nikamwomba awaambie watoto kwamba kwa mbali ndege hao hufanana. Alinijibu kwamba wiki hiyo alikuwa anafundisha ndege, na kwamba mtihani ni Ijumaa.

Jumanne jioni Ralitsa aliweka karatasi mezani kando ya sahani yangu. Imeandikwa kwa mwandiko wake: "Tarehe 17 Machi. Asubuhi upepo, mawingu machache. Sisi tulioweka sahihi hapa jana tuliona korongo." Chini yake majina ishirini na mawili ya darasa zima, kisha mpishi, kisha mlinzi, na mwisho kabisa Mwalimu Gergana. Mama mkwe wangu, Bibi Stoyanka, aliisoma yote, akauliza kalamu iko wapi, akatia na yake. Halafu akaniambia, "Si ulimfundisha wewe mwenyewe kuandika kila kitu? Basi umeandikwa."

Ningecheka nawe, Shangazi, kama si jana. Mwalimu alinipigia simu posta kwamba Ralitsa ameegemeza magongo ukutani kwenye korido na kukanyaga hatua nne mpaka dirishani, na alipoulizwa akasema mama yake ndiye aliyetoa ruhusa tangu tarehe mosi. Daktari anasema, kwa kuwa alishika ukuta, pengine hakuna lililoharibika, lakini zisirudiwe, maana kichwa cha mfupa kikibonyea sasa hakitarudi kuwa mviringo na atachechemea maisha yake yote. Nimemwambia mtoto asiukanyagie mguu, akanijibu kwa adabu, "Mguu wangu, au wa yangeyange?" Na leo kwenye mazoezi niliposema zimebaki mara tano, akasimamisha mguu, akauliza nitathibitishaje.

Nifanye nini? Nikikiri kwamba ni korongo, atataka magongo yawekwe chini. Nikishikilia uongo, haniamini tena. Nimefikiria kumwomba daktari aiwahishe picha. Nimefikiria hata kumwambia kwamba korongo wa shuleni hahesabiki, wa kweli ni yule atakayetua kwetu nyumbani. Tafadhali jibu upesi.

Nevena, wa posta

*

Nevena, nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye zile hatua nne. Hapo nilivua miwani.

Wewe ni mama mzuri na umechoka. Miezi mitano umemshika mtoto huyu mguu na umemshika moyo, na hata mimi niliyesoma barua nyingi za akina mama wenye watoto kwenye plasta sijui wangapi wangethubutu kusema "itauma siku tatu". Kwa neno lile ulijenga kitu. Mwanao ananyoosha mguu unaouma kwa sababu tu mama amesema zimebaki tano. Hiyo ndiyo dawa uliyonayo wewe, Penchev hana. Na umeimwaga kwa sababu ya ndege.

Wala kosa lako si hesabu. Korongo huja anapotaka, hakusaini shajara yako. Kosa ni kwamba uliogopa kusema "sijui", ukamtuma ndege akusemee. Halafu ndege alipotimiza sehemu yake, ukamkana mchana kweupe mbele ya watoto ishirini na wawili, ukataka na mwalimu naye amkane. Umenisikia, Nevena? Mwalimu mwenye mtihani Ijumaa.

Unaniuliza uchague kati ya uongo na mguu, kana kwamba uongo unaulinda mguu. Mbona tayari amekanyaga? Mtoto anayejua mama yake anadanganya kuhusu korongo ataaminije kuhusu mfupa asiouona?

Basi fanya hivi, na ufanye siku utakayosoma gazeti hili, kabla ya chakula cha jioni. Keti chini, usawa wa macho yake, useme: alikuwa korongo, nilidanganya, niliogopa mguu wako usije ukaharibika. Usiweke "lakini" mwishoni. Kisha chukua ile karatasi utie sahihi yako, jina la ishirini na saba, na tarehe, na hali ya hewa, kama mlivyozoeana. Uzi na uvuliwe, aufunge yeye mwenyewe kwenye mti uliochanua, kama ilivyo desturi yetu, hiyo ni haki yake na wala haihusiani na nyonga.

Kuhusu magongo, mwambie wazi kwamba uliahidi kitu ambacho hakikuwa chako. Siku ya kuyaweka chini ni ya daktari. Atakasirika. Mwache akasirike, ana sababu, na usimnunulie peremende ili anyamaze. Mpe daftari aandike maswali yake kwa Penchev, na siku ya picha aulize yeye, wewe ukae kwenye kiti cha nyuma ufunge mdomo.

Picha usiiwahishe. Na hiyo safari ya kila mapumziko ikome, rudi posta, watu wako foleni. Boyan anatosha.

Yule korongo wa nyumbani mfute kabisa kichwani. Ukimleta huyo, mimi nitatia sahihi ya ishirini na nane.

Tsvetana

*

Tarehe 30 Machi. Asubuhi mvua nyembamba, upepo wa mtoni, nyuzijoto tisa.

Shangazi Tsvetana, nakutumia ukurasa huu wa shajara kama ulivyo.

Nilikiri siku ile ile gazeti lilipofika. Ralitsa alisikiliza mpaka mwisho, akanipa kalamu, akasimamia nilivyoandika hali ya hewa. Alikasirika mpaka kesho yake mchana. Uzi aliufunga kwenye mti wa plamu wa Bibi Stoyanka akiwa amesimama kwa mguu mmoja, nami sikumshika. Mguu hajaukanyagia tena.

Leo kliniki alimsomea daktari maswali saba. La kwanza lilikuwa hili: "Kama mfupa haujapona, utaniambia, au utasema ni yangeyange?" Daktari Penchev alinigeukia, nikatazama dirisha. Akamjibu Ralitsa kwamba atamwambia ukweli, akamwonyesha kwenye picha mahali palipokwisha kuwa pagumu na mahali ambapo bado. Kichwa cha mfupa ni mviringo. Zile hatua nne hazikuharibu kitu. Ila magongo yanaendelea wiki nne, na kuanzia leo mguu wa kushoto uguse chini, usibebe zaidi ya kilo kumi.

Nilingojea alie. Akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Siku ishirini na nane. Hizo naweza kuzihesabu."

Nyumbani Bibi Stoyanka alitoa mizani yake ya kujipimia, tukaiweka sakafuni jikoni. Ralitsa alishusha mguu wa kushoto juu yake, mara yake ya kwanza kugusa kitu tangu siku ile ya koridoni, akaukandamiza taratibu mpaka mshale ukafika kumi, akauinua, akashusha tena. Aliniuliza zimebaki ngapi. Nikasema tano. Alifanya tano.

Amelala saa mbili na dakika arobaini. Mimi naenda kulala sasa, saa nne na robo.