Murre na Chumba cha Heshima

Kvarnliden, 19 Januari 1958

Wifi yangu Rakel,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Mguu wako unaendeleaje? Bado unatembelea magongo, au daktari ameshakutoa hiyo plasta? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakamua, nakula, nalala. Ng'ombe wamebaki wawili tu, nao wananitosha.

Usijilaumu kwa kutofika mazishini. Mtu hawezi kuvuka nchi nzima akiwa na mfupa uliovunjika. Kaka yako Evert alisindikizwa vizuri. Wanaume wa kijiji walikata matawi ya misonobari wakayatandaza toka mlangoni kwetu hadi barabarani, kama walivyomfanyia baba yenu, na waliobeba jeneza wakapita juu yake bila kusikika hatua. Matawi bado yapo. Kila asubuhi nayafagilia theluji. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, ila nikiyaona ya kijani moyo unatulia.

Sasa sikia ajabu. Juzi Halvar wa ng'ambo ya ziwa alikuja akiteleza thelujini kwa ski, koti limemvimba kifuani.

"Hjördis, nimeleta mzigo wa Evert."

"Evert ameshasafiri, Halvar. Mzigo wa nini?"

"Aliniambia nikuletee hata kama hatakuwepo." Akafungua vifungo viwili vya koti, kikachomoza kichwa chenye masikio yasiyojua bado yasimame au yalale.

Ni mtoto wa mbwa, Rakel. Dume, rangi ya majivu. Kumbe Evert alimwekesha tangu vuli, alipokwenda kule kuazima msumeno. Mimi wakati ule nilidhani ana kikohozi tu. Yeye alikuwa anajua. Alimwambia Halvar, "Huyu asilale kwenye kibanda uani. Alale ndani na Hjördis." Evert yuleyule ambaye maisha yake yote hakuruhusu mbwa avuke kizingiti!

Anaitwa Murre. Hadi jioni alikuwa amekojolea kuni, kiatu changu, na mguu wa kiti cha Evert. Mimi sijawahi kuishi na mbwa ndani. Halvar alicheka akasema, "Akikushinda si aibu. Mwezi wa tatu, theluji ikiganda juu na kuanza kubeba mtu, nitakatiza ziwani nimchukue. Kuna mtu wa Lycksele anamtaka."

Sitaki anishinde. Kila kitu cha Evert humu ndani kimenyamaza, isipokuwa huyu mmoja, ana pumzi. Wewe ulikulia na mbwa. Nifundishe.

Wifi yako,
Hjördis


Göteborg, 27 Januari 1958

Wifi Hjördis,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Magongo ninayo bado, natembea kama korongo, lakini roho haijambo. Mvua inanyesha tu huku. Mji huu hata baridi yake ni ya uvivu.

Niliposoma kwamba Evert ameagiza mbwa wa kulala ndani, nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikalia, naye akaacha kugonga. Yule yule! Alipokuwa mdogo alimficha mbwa kitandani, baba akamtoa kwa masikio. Evert hakusema kamwe ni nani kati yao aliyetolewa kwa masikio, mbwa au Evert. Nadhani wote wawili.

Haya, mwanafunzi, keti chini. Akiamka tu, nje. Akimaliza kula, nje. Akianza kuzunguka akinusa chini kama bibi aliyepoteza sindano, mbebe mbio, nje. Mpeleke mahali pale pale kila mara, simama, usiseme kitu. Akijisaidia, msifu kama amekujengea ghala. Akikosea ndani, futa kwa siki, nyamaza. Baba alikuwa anawasugua pua kwenye mkojo. Hiyo humfundisha mbwa jambo moja tu, kwamba binadamu hana akili.

Na wewe vaa vizuri. Nakujua, utatoka na gauni la kulalia.

Wifi yako mwenye miguu mitatu,
Rakel


Kvarnliden, 16 Februari 1958

Wifi yangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua, na nashukuru Mungu kwa huo mguu. Huku tu wazima, mimi na huyu mwanafunzi mwenzangu. Ulijua vipi habari ya gauni la kulalia?

Nina ya kufurahisha na ya kuhuzunisha. Nianze na ya kufurahisha.

Theluji uani inamfika Murre kifuani. Nilimweka juu yake, akanitazama kama niliyemtupa baharini. Siku nyingi tulisimama tu, mimi natetemeka, yeye anatetemeka, kisha tunarudi ndani anakojoa karibu na jiko kwa raha zake. Asubuhi moja aliniponyoka nikiwa na ufagio, akakimbilia matawi ya misonobari niliyotoka kuyafagilia. Akanusa. Akazunguka. Akachuchumaa pale pale, katikati ya njia aliyopitia Evert.

Sikujua nicheke au nimpige. Na hapo hapo nani anapita barabarani na kigari chake cha theluji cha kusukuma kwa mguu? Tekla wa jirani.

"Hjördis! Mbwa wako anakojolea njia ya maiti!"

"Naona, Tekla."

"Na wewe umesimama tu?"

"Nimeambiwa nimsifu."

Alienda zake akitikisa kichwa, na hadi jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Lakini Rakel, ningekuonyesha vipi? Baridi ilikuwa kali, mvuke ukapanda kutoka pale chini, jua lilikuwa linatoka nyuma ya msitu, na mvuke ule ukawa dhahabu. Mkojo wa mbwa! Nilisimama nikaona kila kitu kinapumua, moshi wa bomba la nyumba, mimi, Murre, zizi la ng'ombe. Nimeishi hapa miaka yote hii na sikuwahi kutoka nje saa ile bila ndoo mkononi. Kumbe dunia huwa hivyo kila asubuhi wakati sisi tunatazama chini.

Tangu siku hiyo nikimtoa nje anakwenda kwenye matawi mwenyewe. Jikoni hachafui tena. Analala chini ya kochi langu, maana tangu msiba nalala jikoni kwenye kochi la kufungua.

Sasa la kuhuzunisha. Unakijua chumba chetu cha heshima. Evert alilazwa humo kabla ya mazishi, dirisha wazi, jiko bila moto, kama desturi. Baada ya hapo nilifagia, nikafunga mlango, dirisha nikaliacha wazi. Sijawasha moto humo tena. Naingia kila asubuhi tu, nasimama kidogo, natoka. Na Murre ananifuata, na kila anapoingia anajisaidia juu ya zulia la vitambaa, pale pale jeneza liliposimama. Si jikoni, si ukumbini. Pale tu! Nimefuta kwa siki. Nimemfungia nje ya mlango, anajipenyeza. Jana nilimpigia kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaingia chini ya jiko, hakutoka hadi nilipokwenda kukamua.

Kwenye matawi nilivumilia. Hili siwezi. Nimemwambia Tekla, akienda ng'ambo, amwambie Halvar aje amchukue.

Wifi yako,
Hjördis


Göteborg, 22 Februari 1958

Hjördis,

Leo sina salamu ndefu, u mzima na mimi mzima, hiyo inatosha. Usimtoe huyo mbwa!

Nisikilize vizuri. Mbwa hachafui anapoishi. Hilo hafundishwi na mtu, anazaliwa nalo. Mama yake alipomzaa alikuwa anatambaa hajafumbua macho, na bado alijikokota mbali na mahali pa kulala. Sisi hatumfundishi kuwa msafi. Tunamfundisha tu nyumbani kwake kunaishia wapi.

Sasa fikiri kama yeye. Jikoni kuna moto, kuna chakula, kuna jasho lako. Hapo ni nyumbani. Kisha unafungua mlango na kumpitisha mahali pa baridi kama uani, pasipo na harufu ya mtu, ambapo hakuna anayekaa wala kula. Wewe mwenyewe unasimama bila kusema kitu, kama ninavyokuagiza usimame naye kule nje! Maskini anadhani umempeleka chooni. Anakutii, Hjördis.

Kwake yeye chumba hicho ni nje. Sisi watu wa kule tu ndio wenye wazimu huu, tunajibana kumi jikoni na kuacha chumba kizuri kuliko vyote kigande, eti ni cha heshima.

Ukitaka aache, usimkemee. Washa moto humo. Kula humo. Soma gazeti humo kwa sauti. Lala humo. Afahamu kwamba kuna mtu anaishi.

Najua ninachokuomba. Sikumwona kaka yangu akiwa amelala pale, wewe ulimwona. Pengine kwangu ni rahisi kusema. Lakini niambie, yeye angetaka chumba, au angetaka mbwa?

Rakel, wifi yako


Göteborg, 20 Machi 1958

Wifi Hjördis,

Je, u mzima? Sijapata neno lolote kutoka kwako tangu ile barua yangu. Kila mtu wa posta akipita nasikiliza, na mguu huu sasa unashuka ngazi bila gongo, lakini ninaposhuka sanduku ni tupu.

Kama nimekuumiza, niambie nimekuumiza. Kama Halvar ameshamchukua, niambie hilo pia. Nilizungumza nawe kama ninavyozungumza na mbwa, kwa haraka na kwa sauti kubwa. Ni wewe pekee uliyebaki unayemkumbuka Evert kama ninavyomkumbuka mimi.

Wifi yako daima,
Rakel


Kvarnliden, 8 Aprili 1958

Wifi yangu Rakel,

Pasaka imepita salama, natumaini na kwako pia, na nimeshukuru sana kusikia umeacha magongo. Mimi nipo na ni mzima. Nisamehe ukimya. Barua yako niliiweka nyuma ya saa ya ukutani, na kwa siku nyingi nilikuwa nikipita pale natazama upande mwingine. Sikukasirika. Ulisema kweli, na ilikuwa nzito kuibeba yote kwa mara moja.

Kwanza nilimtuma Tekla amwambie Halvar asije bado. Kisha nikafunga dirisha la kile chumba. Siku hiyo nilifanya hilo tu.

Baadaye nikawasha moto. Chumba kilipoanza kupata joto kuta zikatoa sauti, ta, ta, kama mtu anayenyoosha vidole. Nikaketi kwenye kiti kilichonyooka, mikono magotini, kama mgeni. Murre alisimama kizingitini. Hakuingia. Alitazama zulia, akanitazama mimi, akatazama tena zulia, na nakuambia, Rakel, nilimwona anafikiri. Kisha akaja akalala juu ya miguu yangu. Hakunusa wala kuzunguka. Akapumua ile pumzi yao ndefu, akasinzia.

Nilikaa hivyo hadi moto ukafifia, sikuthubutu kusogeza mguu. Ubongo wake ni mdogo kuliko ngumi yangu, na humo ndani mpaka wa nyumba ulikuwa unahama, kuta mbili zaidi, dirisha moja zaidi. Hakuna aliyemweleza kitu. Niliona haya kupumua kwa nguvu.

Sasa nakula humo. Nalala humo, kwenye kitanda chetu nilichokihamishia, upande wangu. Usiku wa kwanza nililia, Murre akaweka pua kwenye ukingo wa kitanda, akaitoa, akalala. Hajachafua tena.

Juma lililopita theluji ilianza kubeba. Unakumbuka asubuhi zile, juu imeganda kama sakafu na mtu anatembea popote, juu ya uzio, juu ya vichaka, mahali ambapo wakati wote wa baridi ungezama kiunoni. Halvar akaja akikatiza ziwani moja kwa moja, na kamba mfukoni. Nikamkaribisha chumba cha heshima. Akavua kofia, akasita mlangoni.

"Humu?"

"Humu. Ingia, kahawa itapoa."

Akamimina kahawa kwenye kisahani, akaweka sukari katikati ya meno, akatazama huku na huku. "Kuna joto," akasema. "Nilimbeba Evert kutoka humu. Kulikuwa na baridi kama kisimani." Kisha akamtazama Murre. "Na huyu je? Yule wa Lycksele ananiuliza."

Kabla sijajibu, Murre akainuka. Akatoka, akapita jikoni, tukasikia kucha zake sakafuni. Kisha sauti moja fupi, wala si kubweka. Hadi siku ile nilikuwa nikimbeba, nikimvizia, nikimkimbiza nje. Hakuwahi kusema kitu.

Halvar akashusha kisahani. "Hjördis, unaitwa."

Nikaenda. Amesimama mbele ya mlango, pua kwenye ufa, akageuka akanitazama usoni. Ananiomba, Rakel. Kiumbe asiye na neno hata moja ameelewa kwamba huku ni ndani, kule ni nje, kwamba katikati kuna mlango, na kwamba mlango huo una mtu wake, na mtu huyo ni mimi. Nikashika kitasa, nikamfungulia.

Alikwenda kwenye matawi. Yamekuwa ya kahawia sasa, sindano zimepukutika. Akayanusa, akayapita. Akaendelea juu ya ile theluji ngumu, uwanda mtupu unaong'aa, hadi karibu na msitu, nami nyuma yake, na kila hatua nilingoja kuzama na sikuzama. Akachagua mahali pake mwenyewe, chini ya mti ambao sijawahi kuufikia wakati wa baridi tangu niolewe hapa. Akachuchumaa huku ananiangalia. Nikamsifu kama amenijengea ghala. Nilimsifu kwa sauti kubwa, hakukuwa na mtu wa kunisikia ila Mungu, na nadhani alikuwa anasikiliza.

Tuliporudi Halvar ameshavaa kofia. Kamba ilikuwa imerudi mfukoni.

"Nitamwambia yule wa Lycksele atafute mwingine," akasema. "Huyu ana kwao."

Mwezi wa sita, mvua zenu zikikuchosha, panda treni uje. Utalala chumba cha heshima pamoja nasi, kuna nafasi. Nitakuonyesha ule mti, na nilitaka pia kukueleza jinsi Evert alivyolazwa, shati gani na nywele zake zilichanwaje, maana hukuniuliza waziwazi lakini niliona kwamba umeuliza. Nianze na shati. Lilikuwa lile la

Rakel, subiri. Murre ameita.