Koti ya Marehemu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamepokelewa kituo cha polisi, Bunia, Jimbo la Ituri, tarehe 17 Mei 2016, saa nne ya asubuhi.

Jina: Mave Bibiane
Umri: miaka 46
Kazi: kuuza vitenge, Soko Kuu
Makao: Nyakasanza, Bunia
Hali ya ndoa: mujane wa Ambroise, kwa sasa bibi ya Hubert

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna mutu aliyeniita. Shefu ameniambia nianze mwanzo na nisichanganye mambo. Mimi si mutu wa kuchanganya mambo, lakini sawa.

Bwana yangu wa kwanza alikuwa Ambroise. Alipotea mwaka 2003, wakati wa vita, kwenye barabara ya Komanda. Alienda kutafuta chumvi, hakurudi. Mwaka uliofuata familia yake ilisema inatosha, mutu asiyezikwa anazungukazunguka na hawezi kuwaachia watu usingizi. Kwa siye, kama maiti haipatikani, tunazika mugomba. Tunakata shina ya ndizi yenye urefu wa mutu mwenyewe, tunaivalisha nguo yake, tunaiweka mu sanduku, tunailia. Matanga ikiisha, mutu amekufa. Hakuna tena maswali.

Mugomba ya Ambroise niliivalisha mimi, kule Fataki, kwa baba yake. Niliivalisha koti yake nyeusi ya kwenda kanisani. Kifungo ya katikati ilikuwa imekatika, na mimi nikasema bwana yangu hawezi kuzikwa koti wazi sawa mulevi. Uzi nyeusi haukukuwako. Nilipata ule mwekundu wa kushonea mifuko ya kahawa, nikashona nao, nikapitisha musalaba. Hubert, mudogo yake Ambroise, alikuwa amesimama na misumari mukononi, ananingoja. Nilipokata uzi kwa meno, akapigilia sanduku. Kifungo ile tuliijua watu wawili tu, yeye na mimi.

Matanga ilipoisha, familia ikanipa Hubert, vile desturi inataka. Andika hivi, shefu: sikumupenda siku ya kwanza. Nilimupenda polepole, sawa maharagi inavyoiva. Nimezaa naye watoto wawili na hajawahi kuniinulia mukono.

Mnamo tarehe 14 Mei, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa nane ya muchana, Hubert alileta nyumbani kisanduku ya kuchezesha filme, ile wanaita lecteur, pamoja na diski iliyojaa filme. Vyote alivinunua kwa Néhémie, anayewajazia watu filme kwenye diski zao, pale barabara kubwa, na Néhémie mwenyewe alikuja kufunga. Alichomeka kablo kwenye plazma, televizyo yetu, akachagua lugha, akachagua ukubwa wa picha. Mashini ikakaa ikisoma diski. Néhémie anasema sana. Aliniambia zile filme tulizokuwa tunaangalia zamani ni takataka, hii ni HD, nitaona hata jasho ya mutu kwenye paji ya uso. Nikamuambia jasho ninaiona kila siku sokoni, bila kulipa.

Mashini ilipomaliza, filme zote zikajipanga kwenye kioo, kila moja na picha yake. Ya kwanza kabisa haikukuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Picha yake ilikuwa mugongo wa mutu mwenye koti nyeusi. Nikauliza ile ni nini. Néhémie alisema diski ile aliinunua kwa mupiga video mumoja wa Komanda, pengine ni harusi aliyosahau kufuta, na filme isiyo na picha yake, mashini inajichagulia yenyewe picha ndani yake. Alitaka kuifuta, lakini alikuwa na haraka, akaenda.

Mashini ina dakika zote za harusi, na ilichagua ule mugongo. Sisemi kitu. Ninasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake, siku ya mungu, tulitoka misa, tukakaa kula. Hubert alikuwa anajifunza telekomande, akafinya vibaya, harusi ikaanza. Tukaiacha, maana harusi ya watu ni tamu kuangalia, unachambua nguo zao. Ilikuwa harusi ya mwaka jana, tarehe iko chini ya picha. Watu wa Komanda walicheza, mama mumoja akaanguka, tukacheka. Nyuma ya watu kulikuwa mwanaume anabeba kasiya za bia, akienda, akirudi. Alikuwa na koti kwenye jua lote lile. Kisha sauti ya mutu asiyeonekana ikaita: «We Marehemu! Leta kasiya ingine!»

Na ule mwanaume akageuka.

Uso wake ulikuwa kivulini, chini ya kofia. Lakini kifua kilikuwa kwenye jua. Hubert alifinya, picha ikasimama. Nilikaribia kioo mpaka pua yangu inataka kuigusa. Vifungo vyake vilikuwa vitatu. Ile ya katikati ilikuwa na uzi mwekundu, musalaba. Néhémie hakudanganya, shefu, kila kitu inaonekana.

Nilimuuliza Hubert: «Sanduku ulipigilia?»

Akajibu: «Nilipigilia. Udongo nilitupa mimi mwenyewe.»

 Hakumaliza kula. Sahani yake niliitoa mimi.

Jumatatu, tarehe 16 Mei, sikuenda sokoni, kichwa kiliniuma. Hubert alikuwa kazini, watoto masomoni. Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Saa tisa nilikuwa nyuma ya nyumba, ninaosha mihogo, nikasikia ndani ya sebule yangu mutu anaita: «We Marehemu!» Nyumba ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu.  Nilipoingia, kumbe umeme umerudi, plazma inawaka, lecteur imeanza yenyewe, nyuma kidogo ya pale tulipoiachia. Yeye alikuwa amesimama mu sebule, mukubwa kabisa, amegeuka kunitazama. Ninajua ni mashini. Néhémie alinieleza kwa simu kwamba zinafanya hivyo, zinakumbuka pa kuendelea. Lakini mimi nilisema naye. Nilimuuliza: «Ambroise, kama ni weye, kwa nini hukurudi?» Picha ikaendelea, akachukua kasiya yake, akaenda.

Magaribi nilimuambia Hubert.  Kisha akaniambia: «Siwezi kulala na bibi ya mutu aliye hai.» Alilala kwenye kiti.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili, nilimukuta amechomoa diski, ameifunga mu leso. Alipanda pikipiki ya mutu, akamuambia mwenye pikipiki anaenda Komanda. Hakuniaga. Nilirudi ndani, nikaona nyuma ya mulango panga haiko.

Ndiyo maana niko hapa. Diski ile siililii, na Néhémie hana kosa. Nimelia mwanaume mumoja mara moja, juu ya shina ya ndizi. Leo wanaume wangu wawili wako Komanda na panga moja, na mimi sijui nitalia yupi. Ninaomba polisi ya kule imupate Hubert kabla hajafika kwa ule mutu. Kama ule ni muizi wa makaburi tu, koti ninamuachia. Kama ni Ambroise, wamuambie kwamba Hubert sikumuchagua, nilipewa. Hapana, futa hiyo. Wamuambie tu kwamba nilimungoja mwaka muzima.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimesomewa, ni maneno yangu, sikulazimishwa na mutu.

Sahihi: Mave Bibiane

Neno la afisa:

Nimepiga simu kituo cha Komanda saa tano na dakika kumi. Wenzetu wamemupata Hubert kwenye parking ya malori. Hakuna aliyeumizwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mubeba mizigo anayejulikana pale kwa jina Marehemu. Panga alikuwa ameilaza chini, mupini kuelekea ule mutu, akimuambia achukue, afanye vile anataka. Marehemu hakuigusa. Aliwaambia polisi kwamba yeye si Ambroise. Ambroise alizikwa Fataki, kaburi aliliona yeye mwenyewe alipofika akitoka mbali, na mule ndani hakuchukua kitu ila koti, sababu alisikia baridi. Alipoulizwa kama ana neno kwa mama wa Bunia, aliuliza kama watoto wake na Hubert wanasoma.

Nimemuelezea shahidi yote hayo. Hakulia. Ameomba karatasi, akaisoma tena kutoka juu. Kwa ombi lake, neno «mujane» linafutwa. La «bibi ya Hubert» amesema liachwe kwanza, mpaka atakaporudi kutoka Komanda. Anaenda leo.

Anaclet, afisa wa polisi (OPJ)